Keria au mifuko? Baiskeli ndogo kwenye milima ya Usambara

Swali lilikuja likiwa limeshajijibu nusu. Mwalimu mmoja wa sekondari pale Korogwe alitaka kujua anunue mfuko upi wa chini ya siti, ule mrefu unaochongoka nyuma kama mkia, kwa ajili ya safari ya baiskeli milimani. Video zote alizotazama zilisema hivyo: njia ya lami ni ya keria na mifuko ya pembeni, njia ya vumbi na mawe ni ya mifuko laini inayofungwa moja kwa moja kwenye baiskeli.

"Fundi, naomba unichagulie mmoja tu, mkubwa kadiri inavyowezekana."

"Mwalimu, mfuko utangoja. Niletee kwanza baiskeli yenyewe, na mizigo yote utakayobeba."

Alikuwa asafiri na mdogo wake wa kiume, kijana mrefu wa zaidi ya sentimita 180. Yeye mwenyewe ana sentimita 155. Baiskeli zao zilikuwa za aina moja: za mlimani, fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, shokapu ya mbele yenye mwendo wa milimita 100, breki za diski, ekseli ya nyuma ya milimita 12 inayopenya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kutoka upande hadi upande. Tofauti ilikuwa saizi ya fremu peke yake, na kisa chote kinatokana na tofauti hiyo.

Njia waliyoichora ilianzia Mombo, kwenye barabara kuu ya Tanga na Moshi, ikapanda kwa lami kupitia Soni hadi Lushoto. Hizo ni kilomita kama 32, kutoka kwenye joto la mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari hadi baridi ya kama mita 1,400. Mbele ya hapo lami inawaaga. Unapita msitu wa Magamba, unafika Lukozi kwenye soko la mboga, unaendelea kwa udongo mwekundu hadi vijiji vya Mtae na Mambo, kama kilomita 60 kutoka Lushoto. Pale ukingo wa milima unakatika ghafla, chini yako tambarare ya Mkomazi, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008. Wao walitaka kushuka ukingo huo kwa njia za miguu kuelekea upande wa Mnazi, walale usiku mmoja kwenye hema huko chini, kisha warudi kwa gari. Mwezi ulikuwa wa Julai: kavu, vumbi jingi, na usiku wa Mambo unaodai sweta.

Niliandika njia kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna safari tatu. Kuna lami ya kupanda ambako chochote kinafaa, hata sanduku la bati. Kuna vumbi lenye makorongo na mawe, ambako kila kilichofungwa vibaya kitajifungua. Na kuna mteremko wa kusukuma baiskeli, au kuibeba, ambako mzigo mpana unakuwa adui wa vigimbi vya miguu. Watu wengi huchagua vifaa kwa sehemu iliyo ndefu. Mimi huangalia sehemu iliyo mbaya, hata ikiwa ni ya saa tatu, kwa sababu huko ndiko vitu vinakovunjika na huko ndiko hakuna fundi.

Mizigo ilipomwagwa sakafuni na kupimwa kwenye mizani ya dukani, ilikuja kilo 12 bila maji. Hema kilo 2, mfuko wa kulalia 1.2, godoro la upepo nusu kilo, jiko na sufuria na mtungi mdogo wa gesi karibu kilo 1, nguo kilo 3, vifaa na spea 1.5, chakula kilo 2, na zilizobaki ni dawa, taa, chaji na vikorokoro. Ongeza maji lita 4 na unaendesha baiskeli yenye mtoto wa miaka minne nyuma yake.

Hapa ndipo mahali ambapo uamuzi wa keria au mifuko hufanyika kweli, ingawa hakuna duka litakalokuambia, maana hakuna cha kukuuzia. Milima ya Usambara imejaa watu. Kutoka Lushoto hadi Mtae huendi mbali bila kukuta kijiji, mgahawa wenye chai na maandazi, wali na maharage, na gesti yenye blanketi. Jiko la nini? Lilibaki Korogwe pamoja na sufuria na gesi yake. Chakula kilishuka hadi gramu 800, akiba ya tambarare tu. Nguo zilishuka hadi kilo 1.8, sweta likiwemo. Hema waligawana: vitambaa kwa dada, nguzo na vigingi kwa mdogo wake, kilo moja moja. Mfuko wa kulalia niliutetea, kwa sababu ya ile Julai ya Mambo. Jumla mpya: kilo 7.7 bila maji.

Kilo 7.7 ni mzigo wa mifuko laini bila ubishi. Kwa mdogo mtu ndivyo ilivyokuwa. Tulimfungia mfuko wa siti wa lita 14, mfuko wa fremu, kifurushi kwenye usukani, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Simzungumzii tena sana, maana mwenye baiskeli kubwa huwa hana kisa.

Kwa mwalimu, utepe wa kupimia ulikataa. Kutoka kwenye vyuma vya siti hadi juu ya tairi palikuwa na sentimita 17. Mfuko mkubwa wa siti ukishajazwa huwa na unene wa karibu sentimita 20 na zaidi pale unapokaribia tairi, na bado hujauhesabia kuning'inia. Mifuko hii inashikwa na mikanda miwili mitatu, kwenye vyuma vya siti na kwenye nguzo ya siti. Kila shimo la barabara linauvuta chini na kuurusha juu. Yeye alikuwa ameshaupata ushahidi bila kujua. Wiki chache kabla aliazima mfuko wa rafiki yake, akaujaza nguo, akapanda nao barabara ya vumbi kuelekea Bungu. Aliporudi, sehemu ya chini ilikuwa imelika na tairi hadi soksi zinachungulia. Alidhani hakuukaza vizuri. Angeukaza hata kwa meno, nafasi haikuwepo.

Mbele nako kuna mtego ambao watu huukosa kwa sababu wanapima baiskeli ikiwa imetulia. Kutoka usukani hadi tairi la mbele palikuwa na sentimita 23, na mtu angesema nafasi ni tele. Tulitoa upepo wote kwenye shokapu, tukaukandamiza usukani hadi shokapu ikagonga mwisho, tukapima tena. Zilibaki 13. Toa kama 3 za mtikisiko, na kifurushi cha chini ya usukani hakipaswi kuzidi unene wa sentimita 10. Mfuko ukigusa tairi la nyuma utatoboka. Ukigusa tairi la mbele wakati wa kuteremka kwa kasi, unaweza kulifunga gurudumu, na hapo utakachopima ni meno yaliyobaki. Kila mwenye shokapu afanye kipimo hiki kabla ya kununua chochote cha mbele. Ni dakika tano na pampu.

Katikati, pembetatu ya fremu ilikuwa ndogo, na theluthi yake ilishachukuliwa na chupa.

Sasa, ile kanuni ya video ilitoka wapi? Mtindo wa mifuko laini ulikuzwa hasa Marekani, na watu wa mbio ndefu za theluji za Alaska na wale wa njia ya Great Divide, inayofuata mgongo wa milima ya Rocky kutoka Kanada hadi mpaka wa Mexico. Hao wanashindana. Wanalala saa chache, wanabeba kidogo, hawataki nati hata moja ya ziada ya kulegea. Kwa mahitaji yao mifuko laini ni jibu zuri kabisa: mikanda haina skrubu za kupotea, baiskeli inabaki nyembamba, na unaokoa uzito. Keria na jozi ya mifuko mikubwa ya pembeni isiyopitisha maji, lita 40, hufika kilo 2.5 hadi 3 kabla hujatia hata leso; seti nzima ya mifuko laini inaweza kuwa nusu ya hapo. Lakini mtindo huo umebeba pia mwili wa waliouanzisha. Unachukulia kwamba siti iko juu sana na fremu ni kubwa. Ukiwa mfupi juu ya magurudumu ya inchi 29, magurudumu yamekula nafasi yote ambayo mifuko ingekaa. Kwa kweli nashangaa jinsi jambo hili linavyosemwa kwa nadra, wakati watu wengi wanaotaka kusafiri hivi ni wafupi.

Basi turudi kwenye keria, lakini ipi?

Mwalimu alipendekeza keria ya chuma ya kawaida, ile ya baiskeli kubwa za Phoenix, inayobeba gunia la mkaa au mikungu mitatu ya ndizi bila kulalamika. Ni kifaa ninachokiheshimu. Siri yake iko miguuni: miguu ya keria hiyo inakaa kwenye ekseli yenyewe, imebanwa na nati za gurudumu, kwa hiyo uzito unashuka moja kwa moja kwenye ekseli na si kwenye vijibolti vya fremu. Na ikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea, kuanzia Mombo hadi Lukozi, atairudisha barabarani. Alumini haina neema hiyo; si kila kijiji kina mtu wa kuichomelea, na aliyepo mara nyingi ataitoboa.

Tatizo ni kwamba baiskeli yake haina nati za kushikilia miguu hiyo. Ekseli ya kupenya inaishia ndani ya fremu, imefungwa kwa ufunguo wa pembe sita. Fremu haina matundu ya keria. Na upande wa kushoto, pale mguu wa keria ungepita, pamekaa breki ya diski. Tungeweza kubana keria kwenye mabomba ya fremu kwa klampu, na nimeona watu wakifanya hivyo, lakini klampu kwenye bomba jembamba la alumini, kwenye makorongo, na kilo 5 juu yake, huteleza chini polepole hadi keria inakaa juu ya tairi. Kwa safari ya sokoni ingetosha.

Jibu lilikuwa keria ya aina nyingine yenye wazo lile lile la kale. Zipo zinazouzwa pamoja na ekseli ndefu maalumu: unatoa ekseli yako, unaingiza hiyo, na ncha zake zinachomoza pande zote mbili kiasi cha kubeba miguu ya keria. Juu inashikwa kwa klampu, kwenye nguzo ya siti au kwenye mabomba ya juu ya fremu kulingana na muundo, lakini kazi ya klampu hiyo ni kuizuia isiyumbe tu. Mzigo umekaa kwenye ekseli. Old Man Mountain na Tailfin ni majina mawili yanayojulikana kwa keria za namna hii. Si rahisi kuzipata hapa na bei yake inauma. Aliipata iliyotumika, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Jambo la kuhakikisha kabla ya kulipa ni ekseli: kipenyo, urefu na aina ya uzi lazima vilingane na vya baiskeli yako. Milimita 12 kwa 148 na milimita 12 kwa 142 zinafanana machoni, lakini moja ndiyo itakayoingia.

Tela la gurudumu moja lilitajwa likaachwa. Ni zuri kwa jangwa tambarare, ila kwa njia ya miguu ya kushuka Mtae ni kama kumvuta mbuzi asiyetaka kwenda. Begi la mgongoni nalo tulilikataa kwa sababu ya jasho na makalio: kilo 5 mgongoni zote zinaishia kuyakandamiza makalio kwenye siti.

Kuweka keria hakumaanishi kuning'iniza mifuko ya lita 20 kila upande. Nafasi ikiwepo itajazwa. Ndivyo binadamu alivyo. Tulichukua mifuko miwili midogo ya pembeni ya lita 7, na juu ya keria mfuko mmoja wa kukunja mdomo, usiopitisha maji, wenye mfuko wa kulalia na godoro. Mifuko ya namna hii ni myembamba: pande zote mbili pamoja na gurudumu, upana wake ulibaki ndani ya upana wa usukani, kwa hiyo panapopita usukani nayo inapita. Tuliisogeza nyuma kwenye keria hadi kisigino hakigusi mifuko pedali inapozunguka. Hapa mguu mdogo ukamfaa, maana kaka mwenye kiatu namba 45 angeipiga teke kila mzunguko.

Nyuma pekee hapakutosha. Ukirundika kila kitu juu ya gurudumu la nyuma, kwenye mwinuko mkali gurudumu la mbele linakuwa jepesi na linaanza kutangatanga, hasa kwa mtu mwepesi kama yeye. Kwa hiyo vifaa vizito, yaani kilo 1.5 za spea na bisibisi, viliingia kwenye fremu. Mfuko wa fremu alishonewa na fundi anayeshona maturubai ya malori: tulikata umbo la pembetatu kwenye boksi, tukalijaribu ndani ya fremu hadi likakaa, fundi akafuata boksi lile kwa turubai la plastiki na zipu pana ya begi la safari. Nilimwomba zipu ikae upande wa kulia na isifike pembeni kabisa, kwa sababu zipu za mifuko ya fremu hufa kwanza pembeni, vumbi likishirikiana na mwenye kulazimisha ifunge. Kwenye miguu ya shokapu, sehemu ya chini inayopanda na kushuka pamoja na gurudumu, tulibana vishikizo viwili vya chupa za lita moja. Shokapu haitobolewi kwa kubuni, na bomba lake la juu linalong'aa halifungwi kitu chochote. Chini ya usukani vikakaa vitambaa vya hema, vyepesi, vimekunjwa kwa unene ule wa sentimita 10.

Vya kufungia? Mpira wa tyubu iliyokufa, uliokatwa vipande virefu. Kuna mikanda ya plastiki laini kutoka Marekani inayosifiwa sana, na ni kweli ni mizuri, lakini inafanya kazi iliyofanywa na mpira wa tyubu tangu babu zetu waanze kubeba maziwa kwa baiskeli: inavutika, kwa hiyo mzigo ukitulia na kupungua, yenyewe inaendelea kukaza. Kamba ya katani au ya nailoni haifanyi hivyo. Yeye alichanganya, mikanda miwili ya kununua na mipira mingine yote, na barabarani hakuna aliyeona tofauti.

Walipoondoka, lami ya Soni haikusema lolote. Vumbi baada ya Magamba ndilo lililoanza kukagua. Kabla ya Lukozi bolti moja ya klampu ya juu ilikuwa imelegea, ingawa ilitiwa gundi ya nati. Aliisikia kwa mlio, akaikaza, na tangu hapo ikawa desturi kuzikagua bolti zote kila wanaposimama kunywa chai. Mwenye mifuko laini hana bolti, lakini ana mikanda, na mdogo wake alisimama mara nyingi zaidi kukaza mfuko wa siti ulioinama kushoto. Hili linanipa mashaka na wale wanaosema mifuko laini haina matengenezo.

Mteremko wa kutoka Mtae ulikuwa kama nilivyouogopa, na pale keria ilidai malipo yake. Katika njia ya miguu iliyochimbika, mifuko ya pembeni ilikwaruza kingo, na ya kushoto ilikuwa ikimgonga kigimbi kila aliposukuma. Akaing'oa yote miwili, akaifunga pamoja kwa mpira juu ya mfuko wa keria, akashuka hivyo. Mzigo ukawa juu na baiskeli ikayumba, lakini ukiwa unasukuma, kuyumba si hoja. Hiyo ndiyo sababu nilisisitiza mifuko yenye ndoano za kutoka kwa mkono mmoja. Mdogo wake alipita kama samaki.

Chini kwenye tambarare mizani ikageuka. Maji ndiyo yalikuwa kila kitu. Keria yake ilipokea galoni la lita 5 la mafuta ya kula, lililooshwa, limefungwa juu kwa mpira, na hakuna kilicholalamika. Mfuko laini wa mdogo wake haukuwa na pa kuliweka. Maji yao wote wawili yalisafiri kwa dada.

Sasa anapanga Amani, upande wa mashariki wa Usambara, msitu wa mvua kwenye wilaya ya Muheza. Huko hakuna ukingo wa kushuka kama ule, ila kuna tope la udongo mwekundu linaloganda kwenye tairi hadi linakuwa nene mara mbili, na nafasi kati ya tairi na keria yake ni ndogo kuliko ningependa. Nimemwambia ainue keria tundu moja na aache mifuko ya pembeni nyumbani, kwa vile maji yapo kila mahali na hema hatalihitaji. Yeye anasema mifuko ya pembeni hatoiacha. Tumekubaliana tupime kwanza.